Jinsi ya Kuchagua Muundo wa Ujumbe katika Orodha za Majadiliano kwa Barua Pepe

Mtu anapojiunga na orodha ya majadiliano kwa barua pepe, fomu ya kujisajili humwuliza swali moja au mawili kuhusu muundo wa ujumbe, naye kwa kawaida hubofya chochote kilichotangulia ili amalize upesi. Baada ya mwezi kikasha chake kimefurika, majibu yake yanawafikia wenzake bila kueleweka yanajibu nini, na msimamizi amemwandikia faraghani kumwomba aache kutuma barua zenye rangi na picha za saini. Nimesimamia kwa miaka kadhaa orodha ya wafasiri wa Kiswahili yenye wanachama walioko Dar es Salaam, Mombasa, Lubumbashi, Muscat na Minneapolis, na sehemu kubwa ya malalamiko niliyopokea kuhusu usomaji wa barua ilitokana na chaguo hilo la dakika moja. Hatua zinazofuata ndizo ninazompa mwanachama mpya, kwa utaratibu uleule ninaomshauri azifuate.

Hatua ya kwanza: Tenganisha maswali mawili

Neno "muundo" katika orodha hizi limebeba mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni namna orodha inavyokuletea barua za wenzako: moja moja kila inapotumwa, au zikiwa zimefungwa pamoja katika mkusanyo mmoja wa siku. La pili ni namna barua unayoiandika wewe inavyoundwa: maandishi matupu, au HTML, yaani lugha ileile ya kurasa za wavuti yenye fonti, rangi, majedwali na picha.

Mambo haya hukaa mahali tofauti. Chaguo la kupokea huwekwa kwenye seva ya orodha, yaani kompyuta inayosambaza barua zake, katika ukurasa wako wa uanachama, nalo halimgusi mtu mwingine yeyote. Chaguo la kutuma huwekwa ndani ya programu yako ya barua pepe, nalo linamgusa kila mwanachama. Ndiyo maana mwanachama anayesema, "Lakini mimi nilishachagua maandishi matupu tangu siku niliyojiunga," anaweza kuwa mkweli kabisa na bado barua zake zikatoka na rangi za bluu na zambarau: alichochagua ni aina ya mkusanyo atakaopokea, wala seva haikupata kumwambia kwamba chaguo hilo haliigusi programu yake ya kuandikia.

Hatua ya pili: Pima wingi wa barua kabla ya kuamua

Usichague kwa kukisia. Pokea barua moja moja kwa wiki mbili, au kama orodha ina hifadhi ya barua zilizopita iliyo wazi, fungua mwezi uliopita uhesabu barua zilizotumwa, kisha ujiulize ni ngapi kati ya hizo ungependa kuzijibu. Hesabu hii ya pili ndiyo yenye uzito. Msomaji wa barua 40 kwa siku asiyejibu hata moja ana mahitaji tofauti kabisa na mtu wa orodha yenye barua 40 hizohizo ambaye hujibu tatu.

Kumbuka pia kwamba orodha haziendi kwa mwendo mmoja. Orodha za sera, kama ile ya KICTANet inayojadili sera za teknolojia ya habari nchini Kenya, au ile ya AFRINIC inayojadili kanuni za kugawa anwani za intaneti barani Afrika, zinaweza kukaa kimya kwa siku kadhaa kisha muswada mmoja ukaamsha mjadala wa wiki nzima. Na orodha zetu za Afrika Mashariki zina wimbi lake la pekee: tangazo la msiba au la shahada mpya hufuatwa na msururu wa barua za mstari mmoja za pole au hongera. Huo ni uungwana, na nisingependa ukome, lakini mwenye kuhesabu barua auingize katika hesabu yake.

Hatua ya tatu: Chagua namna ya kupokea

Ukijibu walau mara moja kwa wiki, chukua barua moja moja. Sababu yake ni ya kiufundi. Kila barua pepe hubeba, katika maelezo yake ya juu ambayo kwa kawaida hayaonekani, nambari yake ya utambulisho, na ikiwa ni jibu, hubeba pia nambari ya barua inayojibiwa. Programu na hifadhi ya orodha hutumia nambari hizo kuzipanga barua katika nyuzi, yaani barua ya kwanza na majibu yake kwa mfuatano. Ukibofya "jibu" juu ya barua iliyokuja peke yake, nambari hufuatana bila wewe kufanya lolote, na jibu lako hukaa mahali pake hata mwenzako akilisoma baada ya miaka mitano.

Wanaokimbilia mkusanyo kwa kuogopa kikasha kujaa wana dawa nyingine iliyo bora zaidi. Orodha nyingi huweka katika maelezo ya juu ya kila barua utambulisho uitwao List-Id, uliowekewa kanuni mwaka 2001, na karibu kila programu ya barua pepe inaweza kuagizwa kuzipeleka barua zenye utambulisho huo moja kwa moja katika folda yake. Tumia utambulisho huo, au anwani ya orodha, badala ya maneno ya kwenye kichwa cha barua, kwa sababu watu hubadilisha vichwa. Ukishaweka folda, kikasha chako kinabaki na barua za watu wanaokuandikia wewe, na za orodha unazifungua ukipata nafasi.

Ukisoma tu, au ukijibu kwa nadra, mkusanyo unakufaa. Katika programu ya Mailman, inayoendesha orodha nyingi za vyama na vyuo, mkusanyo hutumwa mara moja kwa siku, au mapema zaidi barua zilizokusanyika zikipita kiasi alichokiweka msimamizi, ambacho kwa chaguo-msingi ni KB 30. Google Groups hufungasha hadi barua 25 katika mkusanyo mmoja. Kwa mtu anayepata intaneti jioni tu, au anayepakua barua zake kwa bando la siku na kuzisoma ndani ya basi, huu ndio mpango wa busara.

Kuna daraja la tatu ambalo halitumiki vya kutosha, nalo ni faharasa: unapata orodha ya vichwa na majina ya waandishi tu, kisha unakwenda kusoma kile unachokitaka. Katika LISTSERV, programu iliyoandikwa na Eric Thomas mwaka 1986 na ambayo vyuo vikuu vingi bado vinaitumia, unaipata kwa kutuma kwa anwani ya LISTSERV, wala si kwa orodha yenyewe, barua yenye mstari mmoja: SET, jina la orodha, kisha INDEX. Ukiandika DIGEST mahali pa INDEX utapata mkusanyo, na ukiandika MAIL utarudi kwenye barua moja moja. Ukituma amri hizo kwa orodha badala ya kwa seva, wanachama wote watazisoma, na hakuna kitakachobadilika isipokuwa haya usoni mwako.

Daraja la mwisho ni kutopokea barua kabisa huku ukibaki mwanachama. Litumie unapokwenda likizo. Ni afadhali mara nyingi kuliko kuwasha jibu la kujiendesha la "Nipo safarini", ambalo, orodha isipolinasa, hujibu kila barua ya kila mtu.

Hatua ya nne: Ukichagua mkusanyo, chagua na aina yake

Mailman huuliza kama unataka mkusanyo wa MIME au wa maandishi matupu, na hapa ndipo watu wengi huinua mabega. MIME ni kanuni iliyoandaliwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed na kutolewa mwaka 1992, inayoruhusu barua moja kuwa na sehemu nyingi ndani yake. Katika mkusanyo wa MIME kila barua imewekwa nzima, pamoja na maelezo yake ya juu na viambatisho vyake, kama bahasha ndogo ndani ya bahasha kubwa. Programu inayoelewa mpango huu, kwa mfano Thunderbird kwenye kompyuta, hukuwezesha kuifungua bahasha ndogo na kuijibu yenyewe, na uzi usikatike.

Mkusanyo wa maandishi matupu hufuata mpango wa mwaka 1990: juu kuna yaliyomo, kisha barua zinafuatana zikitenganishwa na mstari wa vistari 30. Viambatisho huondolewa. Kila kitu kinasomeka katika simu yoyote na hakuna cha kufungua, lakini uzito wake umeondoka pamoja na kitu kingine: zile nambari za utambulisho hazina kazi tena, na kujibu barua fulani iliyomo ndani haiwezekani isipokuwa kwa mkono.

Hivyo basi, chukua MIME kama unasomea kwenye kompyuta na huenda ukajibu. Chukua maandishi matupu kama unasomea kwenye simu ambayo inakuonyesha mkusanyo wa MIME kama rundo la viambatisho visivyo na majina, au kama unatumia kisoma-skrini, kwa kuwa matini ya mfululizo husomwa kwa sauti bila kukwamakwama. Jaribu mmoja kwa siku tatu. Usipokupendeza, rudi kwenye ukurasa wa uanachama ubadilishe.

Ukilazimika kujibu kutoka kwenye mkusanyo wa maandishi matupu, fanya mambo mawili kabla ya kutuma. Badilisha kichwa cha barua, maana programu itakuwa imeandika kitu kama "Digest, Vol 12, Issue 5", ambacho hakimwambii mtu chochote. Nakili pale kichwa halisi cha barua unayoijibu. Kisha futa kila kitu kilichonukuliwa isipokuwa mistari unayoijibu. Jambo hili la pili ndilo linalosahauliwa. Katika orodha yetu mwanachama mmoja alijibu mkusanyo wa barua 22 kwa maneno mawili, "Nakubaliana nawe," pasipo mtu kujua anakubaliana na yupi kati ya wale 22, na chini yake ulikuwapo mkusanyo wote. Kesho yake mkusanyo mpya ulikuja ukiwa umeumeza ule wa jana, na mwingine akaujibu huo vilevile.

Hatua ya tano: Weka programu yako itume maandishi matupu

Kwa upande wa kutuma msimamo wangu hauna mizani miwili: katika orodha ya majadiliano, tuma maandishi matupu, isipokuwa kanuni za orodha zimesema vingine. Barua ya maneno 300 ya Kiswahili ni takriban KB 2. Maneno hayohayo yakinakiliwa kutoka kwenye Microsoft Word na kubandikwa katika barua ya HTML hubeba maelezo ya fonti, nafasi na mitindo yanayoweza kuikuza mara kumi au zaidi, na kwa kuwa programu nyingi hutuma HTML pamoja na nakala ya maandishi matupu kwa pamoja, mpokeaji hulipia yote mawili kwa bando lake. Mailman kwa chaguo-msingi huzuia barua inayozidi KB 40 hadi msimamizi aikague, kwa hiyo barua iliyorembwa huweza kukaa foleni siku nzima huku mwenyewe akidhani anapuuzwa.

Baadhi ya orodha hazina hata subira hiyo. Orodha ya waendelezaji wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, huzikataa barua za HTML moja kwa moja kwenye seva, kwa kuwa viraka vya programu (masahihisho ya msimbo wake) hutumwa humo ndani ya barua yenyewe, na nafasi moja ikibadilika kiraka hakifanyi kazi. Orodha nyingine huikubali barua lakini huichuja, na hapo msisitizo wako wa rangi nyekundu hutoweka. Kama uliandika "tazama sehemu zenye nyekundu", wasomaji watatazama bure.

Katika Gmail kwenye kivinjari, fungua dirisha la kuandika barua mpya, bofya vitone vitatu vilivyo chini, kisha uchague hali ya maandishi matupu. Katika Thunderbird, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya uandishi na anwani, uondoe alama ya kuandika kwa HTML. Katika Outlook ya kompyuta ya toleo la zamani (classic), chaguo lipo katika mipangilio ya barua, na humo utakuta aina tatu. Epuka kabisa ile ya tatu ya Microsoft yenyewe, Rich Text, kwa sababu nje ya Outlook huweza kumfikia mpokeaji ikiwa na kiambatisho kiitwacho winmail.dat ambacho hatakifungua. Programu nyingi za simu hazina kitufe cha namna hii. K-9 Mail, pamoja na Thunderbird ya Android iliyojengwa juu yake, zinacho. Kwa wenye programu nyingine, ushauri wangu ni kuandika bila kukoza, bila rangi na bila picha ya saini, ili hata HTML ikitumwa isiwe na kitu cha kupotea.

Pasipo maandishi ya kukoza, msisitizo huwekwa kwa nyota upande huu na huu wa neno, *hivi*, na vipengele huanza kwa kistari. Jedwali la safu mbili liandike kwa sentensi. Jedwali la safu saba halifai kuwamo ndani ya barua. Liweke mahali pa wazi mtandaoni na utume kiungo. Acha mstari mtupu kati ya aya na aya, na saini isizidi mistari minne.

Hatua ya sita: Linda ng' yako

Jambo hili halimo katika miongozo ya Kiingereza, nasi ndilo linalotuumiza. Kiswahili cha herufi za Kilatini kinaweza kuandikwa chote kwa alama 128 za ASCII, ambazo kila seva duniani inazielewa, pamoja na kile kiritifaa, yaani koma la juu, cha ng'ombe na ng'ambo. Lakini simu na Word hupenda kuligeuza koma hilo la wima kuwa lililopinda, na hilo lililopinda halimo katika ASCII. Katika UTF-8, usimbaji (mpango wa kugeuza herufi kuwa namba) unaobeba herufi za lugha nyingi, linachukua baiti tatu. Programu inayozisoma baiti hizo kwa usimbaji wa zamani wa Windows itamwonyesha msomaji "ngâ€™ombe". Mkusanyo wa maandishi matupu kutoka Mailman ya zamani, iliyowekwa kwa Kiingereza na ASCII, utamwonyesha "ng?ombe". Mtafutaji naye atakayeandika ng'ombe kwa koma la wima huenda asiikute barua yenye koma lililopinda, hata kama zote mbili zinaonekana sawa machoni.

Usilitatue tatizo hili kwa kuliacha koma kabisa, kwa sababu kung'oa jino hakuhusiani na ngoa ya mtu mwenye wivu. Zima ugeuzaji. Kwenye iPhone, fungua mipangilio ya jumla, kisha kibodi, uzime uakifishaji wa kijanja. Katika Word, chaguo liko katika mipangilio ya kusahihisha maandishi yanapochapwa. Ukishabandika matini kutoka mahali pengine, pitia kila ng' kabla ya kutuma. Inachukua nusu dakika.

Wakati huohuo hakikisha programu yako inatuma kwa UTF-8, kwa ajili ya wale ambao ASCII haiwatoshi. Mwenzetu wa Lubumbashi huchanganya Kiswahili na Kifaransa chenye é na ç, na anayenukuu beti za zamani kwa hati ya Kiarabu hana njia nyingine. Maandishi matupu na UTF-8 havigombani: utupu ni kukosa mapambo, si kukosa herufi.

Hatua ya saba: Viambatisho viache nyuma

Faili linapoambatishwa kwenye barua pepe hugeuzwa kuwa herufi za kawaida kwa njia iitwayo Base64, ambayo hutumia herufi nne kwa kila baiti tatu. Picha ya MB 3 kwa hiyo husafiri ikiwa na takriban MB 4. Katika orodha ya watu 250 hiyo ni GB 1 iliyopakuliwa kwa ajili ya picha moja ya pamoja ya warsha, na wengi wao hawakuwapo kwenye warsha. Weka faili mtandaoni, tuma kiungo, na uandike pembeni yake aina na ukubwa wa faili ili mwenye bando dogo aamue mwenyewe. Kama hati ni fupi, nakili maneno yake uyabandike ndani ya barua. Barua za "tafadhali tazama kiambatisho" zenye kiambatisho cha aya mbili ni kero nisiyopata kuielewa.

Hatua ya nane: Jijaribu mwenyewe kwanza

Usitume barua ya "jaribio" kwa orodha. Jitumie mwenyewe barua fupi yenye maneno ng'ombe, ng'ambo na café, na kama una anwani mbili za watoa huduma tofauti, tuma kutoka moja kwenda nyingine. Ikishafika, fungua chanzo cha barua. Katika Gmail kwenye kivinjari kipo chini ya vitone vitatu vya barua yenyewe. Tafuta mstari unaoanza na Content-Type. Ukisomeka text/plain na UTF-8, umemaliza. Kwa barua isiyo na herufi za nje ya ASCII, us-ascii mahali pa UTF-8 ni sawa pia. Ukisomeka multipart/alternative, HTML bado inasafiri pamoja na maandishi yako, nawe urudi hatua ya tano. Jaribio hili lirudie kila unapobadilisha simu, maana simu mpya huja na mipangilio yake ya kiwandani, na koma lililopinda huwa la kwanza kurudi.